Kiluwiri alipita: mwongozo kamili wa kuandika na kulinganisha ndege wa kinamasini

Asubuhi moja tulikaa watu wawili kwenye ukingo wa matete, hatua kama hamsini kati yetu, kila mmoja na darubini yake na daftari lake. Jua lilipopanda tukakutana kusomeana tulichoandika. Daftari la mwenzangu lilisema: "Kiluwiri mdogo, kahawia, alipita haraka." Langu lilisema: "Zapornia pusilla, jike." Je, alikuwa ndege mmoja au wawili? Tulibishana hadi tukachoka. Maandishi yake yalikuwa ya kweli lakini hayana kitu ndani. Yangu yalikuwa na kila kitu isipokuwa sababu, na ndani yake mlikuwa na kosa ambalo nitalieleza huko mbele.

Viluwiri ni ndege wa kufumba na kufumbua. Unamwona kwa sekunde tatu akivuka uwazi wa tope, kisha matete yanammeza na asubuhi nzima imekwisha. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha ulichokiona na alichokiona mwenzako, kazi yenyewe huanza kabla ndege hajatokea. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata sasa.

Hatua ya 1: Jua unamtafuta nani

Familia ya Rallidae ina spishi zipatazo 150, kuanzia kukuziwa wanaoogelea hadharani hadi viluwiri ambao watu huwasikia miaka mingi bila kuwaona. Mwili wao umebanwa pande mbili, kama kitabu kilichosimamishwa kwenye rafu, na ndiyo maana wanapenya katikati ya mashina ya matete bila kuyatikisa. Ukiona matete yanatikisika sana, mara nyingi ni ndege mwingine.

Kwa kulinganisha, wagawe kwa mdomo kwanza. Wenye mdomo mrefu, kama wa jenasi ya Rallus, wana mdomo unaolingana na urefu wa kichwa au kuuzidi. Wenye mdomo mfupi ni wale wa jenasi za Porzana, Zapornia na Crex. Kundi la tatu ni kukuziwa, wenye kigao kigumu kwenye paji la uso. Mtu akikuambia tu "mdomo mfupi, hana kigao", tayari ameondoa nusu ya ubishi.

Kuna na majirani wasio ndugu. Sululu hujibanza kwenye tope lilelile, lakini mdomo wake ni mrefu mno na ulionyooka. Sile-maua hutembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole virefu kupita kiasi. Ngojamaliko mdogo, ambaye ni wa familia moja na yangeyange, hupanda mashina ya matete, na akiruka ghafla wageni wengi humwita kiluwiri. Halafu kuna ndege wadogo wa jenasi ya Sarothrura. Zamani waliwekwa kwenye Rallidae, siku hizi wana familia yao, Sarothruridae. Kwa tabia za kujificha, hao ndio mabingwa.

Jambo moja la majina: majina ya Kiswahili ya viluwiri hayajatulia, na jina moja linaweza kumaanisha ndege watatu. Andika jina la kisayansi kando ya jina lolote unalolitumia.

Hatua ya 2: Chagua ukingo, kisha kaa

Kosa la wengi ni kuzunguka bwawa lote. Kiluwiri humpati kwa kumfuata. Tafuta mahali maji yamepungua hivi karibuni na kuacha mkanda wa tope kati ya matete na maji, hasa palipo na uwazi mwembamba ambao ndege lazima auvuke ili afike upande wa pili. Kaa hapo, jua likiwa nyuma yako, usimame tu unapoondoka. Alfajiri na magharibi ndizo saa zake. Mimi hujipa saa moja na nusu mahali pamoja kabla sijakata tamaa, na mara nyingi ndege hutokea nikiwa nimeshaanza kufunga mkoba.

Kwenye vinamasi vya maji ya chumvi mambo ni tofauti. Huko maji makuu ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hufunika nyasi na kuwasukuma viluwiri hadi kwenye ukanda mwembamba wa juu. Ni nafasi nzuri ya kuwaona, na pia ni saa yao mbaya kuliko zote, kwa sababu ndege wa jamii ya yangeyange na wa jamii ya mwewe hungoja hapohapo kuwakamata. Kaa mbali, usiingie kwenye nyasi walizokimbilia. Katika nchi za baridi, barafu hufanya kazi kama hiyo: maji yakiganda, Rallus aquaticus hulazimika kutoka kwenye vijito vilivyobaki wazi.

Hatua ya 3: Tazama kwa mpangilio mmoja, kila mara

Hapa ndipo penye kazi. Sekunde tatu hazitoshi kutazama ndege mzima, kwa hiyo jizoeze mpangilio usiobadilika. Wangu ni: mdomo, ubavu, chini ya mkia, miguu, bawa. Nikipata viwili vya kwanza tu, bado nina kitu cha kulinganisha. Anayetazama "ndege kwa jumla" hubaki na rangi ya kahawia, na karibu viluwiri wote wana kahawia mahali fulani.

Tuchukue wawili wanaoumiza vichwa: Zapornia parva na Zapornia pusilla. Wote ni wadogo, kahawia mgongoni, na dume wa kila mmoja ana kijivu-bluu kifuani. Sasa sogea karibu.

Anza kwenye mdomo. Parva aliyekomaa ana wekundu kwenye shina la mdomo, pale unapokutana na uso. Pusilla hana, mdomo wake ni wa kijani kitupu. Nenda ubavuni: milia myeusi na myeupe ya pusilla ni dhahiri, na huanzia mbele ya miguu. Ya parva imefifia na hubaki nyuma. Mgongoni na kwenye bawa, pusilla ana vidoa na vijikunjo vyeupe vilivyozungushiwa weusi, kana kwamba mtu amemrushia chokaa kwa brashi. Mwisho ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote ndege akiwa ametulia: ncha ya bawa lililokunjwa. Kwa parva, manyoya marefu ya kurukia huchomoza vizuri kupita yale ya ndani yanayoyafunika, na kumfanya aonekane mrefu kwa nyuma. Kwa pusilla huchomoza kidogo sana, naye anaonekana mfupi na wa mviringo.

Sasa lile kosa langu. Jike wa parva ni rahisi kumtofautisha na dume wake, kwa kuwa kifua chake ni rangi ya mchanga mkavu badala ya kijivu. Lakini jike na dume wa pusilla hufanana sana. Nilipoandika "pusilla, jike" nilikuwa nimeona kifua chenye rangi ya mchanga, nikakumbuka kwamba majike huwa na rangi hiyo, na nikampa jina la ndege mwingine kabisa kwa sababu ndilo nililokuwa nalitamani siku hiyo. Isitoshe, makinda wa pusilla nao wana rangi ya namna hiyo kifuani. Laiti ningeandika "kifua rangi ya mchanga, ubavu sikuuona", tungekuwa na pa kuanzia.

Mitego mingine miwili hurudi kila mwaka. Wa kwanza ni kinda wa kukuziwa wa kawaida, Gallinula chloropus: kahawia, hana kigao chekundu bado, na mtu mwenye hamu humgeuza kuwa kiluwiri adimu. Tazama chini ya mkia. Kukuziwa ana manyoya meupe pande mbili na mstari mweusi katikati, pamoja na mchirizi mweupe ubavuni. Wa pili ni vifaranga. Vifaranga wa viluwiri wengi wana manyoya laini meusi tii, hata kama wazazi wao ni kahawia. Kule Amerika, watu wengi waliodhani wamemwona Laterallus jamaicensis, kiluwiri mweusi mdogo anayetafutwa sana, walikuwa wameona kifaranga wa jirani. Aliyekomaa ana vidoa vyeupe mgongoni na jicho jekundu. Kama hukuviona, usiandike jina hilo.

Kwa upande mwingine, wapo wasiohitaji ubishi. Zapornia flavirostra wa Afrika ni mweusi mwenye mdomo wa njano na miguu myekundu, na hutoka hadharani bila haya, hata kutembea mgongoni mwa kiboko. Mtumie kama ndege wa mazoezi: mtazame kwa mpangilio wako, funga macho, kisha jiulize kama uliona chini ya mkia wake.

Hatua ya 4: Sikio lifanye kazi kubwa zaidi

Viluwiri wengi utakaowaandika maishani utakuwa umewasikia tu. Hilo si aibu, mradi uandike "amesikika". Tatizo ni namna tunavyoeleza milio. "Mlio wa ajabu" hausaidii mtu. Eleza mambo manne: umbo la sauti, mdundo, idadi, na muda.

Mifano itasaidia. Crex crex amepewa jina na mlio wake mwenyewe, sauti kavu ya mikwaruzo miwili, kama kupitisha ukucha kwenye meno ya kitana, na hurudiwa usiku kucha. Coturnicops noveboracensis hugonga kama mawe mawili madogo: mara mbili, kisha mara tatu, tena mbili, tena tatu. Porzana porzana hupiga mlio kama mjeledi mwepesi, karibu mmoja kila sekunde, gizani. Rallus aquaticus hulia kama mtoto wa nguruwe aliyebanwa. Porzana carolina hutoa mfululizo unaoshuka kama farasi anayelia kwa mbali. Na Sarothrura elegans, ambaye hukaa zaidi misituni, hutoa mvumo mmoja mrefu wa chini, wa sekunde kadhaa, ambao kwa mtu aliye peke yake usiku unatisha kidogo.

Rekodi kwa simu, hata kama sauti ni hafifu. Mwanzoni mwa rekodi taja kwa mdomo tarehe, saa, mahali na upande uliouelekea. Usikate kimya cha mwanzo wala mwisho, maana vyura na wadudu wanaosikika hapo ni sehemu ya ushahidi. Vyura wengine huwaiga viluwiri vizuri kuliko viluwiri wenyewe. Programu za kutambua sauti, kama Merlin, zichukue kama mtu anayekunong'oneza jina: msikilize, kisha linganisha na rekodi kadhaa zilizopo xeno-canto, tovuti ya rekodi za sauti za ndege, na tazama picha ya sauti mistari yake inavyopanda na kushuka.

Sauti za kinamasini hupotosha upande. Hapa watu wawili ni bora kuliko mmoja. Simameni mbalimbali, pimeni upande wa sauti kwa dira katika dakika ileile, kisha chora mistari yenu kwenye ramani. Ikikutana mahali pamoja ndani ya matete, huenda ni ndege mmoja. Ikikutana mahali pasipowezekana, kama katikati ya maji ya kina, au isipokutana kabisa, basi mlisikia ndege wawili, au mmoja wenu alikosea dira. Rudieni baada ya dakika tano.

Na kumbukeni nani analia. Kwa Crex crex wanaoita usiku ni madume, kwa hiyo hesabu yenu ni ya madume, si ya ndege wote. Jozi za Zapornia flavirostra hulia pamoja kwa kupokezana, na sauti mbili ni wenye nyumba moja. Mtu mmoja akiandika "wawili" na mwenzake "jozi moja", hawapingani.

Hatua ya 5: Kupiga sauti ya ndege kwa spika

Sifanyi nikiwa natembea kwa raha zangu, na sipendi wanaofanya. Ndege hutoka kwa sababu anadhani amevamiwa, huacha kiota au kula, na mtu wa kumi anayekuja wiki hiyo na spika yake hajui kuna tisa waliomtangulia. Kwenye hifadhi nyingi imekatazwa.

Lakini katika kuhesabu kwa utaratibu ina nafasi yake, kwa sababu viluwiri wasiochokozwa hukaa kimya. Utaratibu unaotumika Amerika Kaskazini ni mfano mzuri. Unasikiliza dakika 5 kimya kabisa, kisha kwa kila spishi dakika 1: sekunde 30 za mlio, sekunde 30 za kimya. Vituo huachana mita 400 ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Maana yake kwa ulinganishaji ni kubwa: ndege aliyelia katika zile dakika 5 za mwanzo na aliyelia baada ya kuitwa huandikwa safu tofauti. Mkichanganya safu hizo, hesabu zenu za miaka miwili haziwezi tena kuwekwa pamoja.

Hatua ya 6: Andika kabla ya kusema

Hii ndiyo kanuni niliyoigharimia zaidi. Ukimwambia mwenzako "umeona mdomo mwekundu ule?", umeshamwekea wekundu machoni. Andikeni kwanza, kimya, bila kufungua kitabu, kisha ndipo mzungumze.

Gawanya ukurasa sehemu tatu: nilichokiona, nilichokisikia, ninachokisia. Halafu ongeza ya nne, ambayo karibu kila mtu huiacha: nisichokiona. "Hakuwa na milia ubavuni" na "ubavu sikuuona" ni vitu viwili vilivyo mbali kama mashariki na magharibi, na katika daftari la mtu mwenye haraka vyote huwa "milia hakuna".

Hivi ndivyo ningeandika asubuhi ile leo:

"Saa 12:41 asubuhi, sekunde 3 au 4. Umbali mita 20. Mwanga wa pembeni, mzuri. Alivuka uwazi kutoka kushoto kwenda kulia, maji hadi nusu ya mguu. Mdogo, kama nusu ya kukuziwa. Mdomo mfupi, rangi ya shina sikuiona. Kifua rangi ya mchanga. Ubavu ulifichwa na jani. Mkia aliunyanyua mara mbili. Bawa sikulitazama. Makisio: Zapornia, jike wa parva au kinda wa spishi yoyote kati ya mbili."

Refu, lakini kila neno linaweza kuwekwa kando ya neno la mwingine.

Hatua ya 7: Kaeni chini mlinganishe

Linganisheni saa kwanza. Simu mbili zinazopishana kwa dakika mbili huzaa ndege wa ziada. Kisha weka kila tukio kwenye ramani ya mkono, na mshale wa ndege alikoelekea.

Kuhusu idadi, tumia kanuni kali: ni wawili ikiwa wameonekana kwa wakati mmoja, au manyoya yao hayawezi kuwa ya ndege mmoja, au umbali na muda haviruhusu. La sivyo andika mmoja. Watu hupenda kuandika "angalau 4" kwa sababu walitazama mara nne. Hiyo ni hesabu ya macho yao.

Pale mnapotofautiana, usitafute wastani. Kama mmoja anasema miguu ya kijani na mwingine ya pinki, mwulizane mwanga ulitoka wapi na miguu ilikuwa na tope au la. Kama hakuna jibu, andikeni zote mbili na majina yenu. Kushuka hadi ngazi ya jenasi, yaani "Zapornia, spishi haikujulikana", ni rekodi nzuri kabisa. Mtu wa baadaye anaweza kuitumia. Jina lililolazimishwa litampotosha.

Mkilinganisha siku au mabwawa, linganisheni pamoja na jitihada. Viluwiri watatu kwa saa sita si sawa na wawili kwa nusu saa. Ndiyo maana eBird, tovuti ya kuandikia ndege walioonekana, inayoendeshwa na Cornell Lab of Ornithology tangu 2002, huuliza muda, umbali na kama umeandika ndege wote uliowatambua. Andika pia asubuhi ulizorudi mikono mitupu, pamoja na upepo wake. Sifuri ya siku ya upepo mkali haisemi lolote kuhusu ndege, lakini sifuri kumi za asubuhi tulivu zinasema.

Hatua ya 8: Chunga unamwambia nani

Kiota hakitajwi mahali kilipo, hata kwa rafiki mwenye furaha. Kwa spishi zilizo hatarini, toa eneo kwa upana na uchelewe kutangaza. eBird yenyewe huficha maeneo ya baadhi ya spishi.

Sarothrura ayresi anaonyesha inavyowezekana kumjua ndege bila kumkanyagia makazi. Ni miongoni mwa ndege walio hatarini kabisa kutoweka, anayejulikana hasa kutoka Ethiopia na Afrika Kusini. Uthibitisho kwamba anazaa Afrika Kusini ulipatikana 2018 kwa kamera za kujipiga zenyewe zilizowekwa kinamasini. Ukiwa na ruhusa ya mwenye eneo, kamera kama hiyo ikielekezwa kwenye ule uwazi mwembamba wa tope, usawa wa goti la kiluwiri, hupiga miguu na ubavu ambavyo jicho lako halikuwahi kuviona, na saa huiandika yenyewe.

Sisi hatukuwa nayo. Tulirudi pale asubuhi nne zaidi, tukapata sululu, kukuziwa na kinda wake. Katika daftari letu la pamoja nilifuta "pusilla, jike" kwa mstari mmoja ili bado isomeke, na chini yake mwenzangu akaandika: "Zapornia, ndege 1. Shina la mdomo hakuna aliyeliona."